Maji Moto ya Ghorofani

Nilipokuwa mtoto, maji ya kuoga nyumbani kwetu Old Kampala yalichemshwa uani. Sufuria kubwa ilikaa juu ya sigiri tangu kabla ya adhana ya alfajiri, na mama ndiye aliyeyapandisha kwa ndoo, ngazi kwa ngazi, hadi bafu la ghorofa ya pili. Kampala iko karibu na ikweta, lakini imekaa juu ya vilima, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ya mvua, maji ya bomba huuma hadi kwenye mifupa.

Walioijenga nyumba ile, familia ya Kihindi, walikuwa wameweka tangi la umeme ukutani. Ilikuwa miaka ya 1950, bwawa la Owen Falls kule Jinja limefunguliwa mwaka 1954, na umeme umekuwa fahari ya mji. Mwaka 1972 wakafukuzwa pamoja na Waasia wengine. Sisi tulipoingia kama wapangaji, tangi lilikuwa limeliwa na kutu. Baba aliweka jipya miaka ya 1990, baada ya wenyewe kurudishiwa nyumba na kutuuzia. Mama akapumzika kubeba ndoo, hadi mwaka 2006, Ziwa Victoria lilipopungua na umeme ukawa wa zamu. Sigiri ikarudi uani, na mkaa nao ulikuwa umepanda bei.

Kwa hiyo tulipoamua kuikarabati nyumba, nilishikilia sola. Mdogo wangu alitaka vile vihita vidogo vya kufungwa kwenye bomba la mvua, kwa kuwa ni rahisi kununua. Nilimpigia hesabu: kupasha lita 200 kutoka nyuzi 22 hadi 60 kunakula karibu uniti tisa za umeme, na jua la Kampala halitumi bili.

Fundi bomba ndiye aliyetufundisha kwamba kwenye ghorofa shida kubwa ni njia ya maji. Tangi lililojaa lita 200 lina uzito wa zaidi ya kilo 200, na mbao za paa letu ni za zamani. Ilibidi tulikalishe juu ya ukuta unaobeba nyumba. Paneli ziko chini ya tangi, zimeinamishwa kidogo, maana maji yakipata moto hupanda yenyewe bila pampu. Mabomba ya chuma yaliyokuwa yametafunwa ndani tuliyang'oa yote.

Ila mama sasa analala chini, magoti hayataki ngazi. Kutoka paani hadi bafuni kwake ni mita 12, na bomba la milimita 20 hubeba karibu lita nne za maji yaliyopoa kabla ya yale ya moto kufika. "Mwanangu," akaniuliza, "na hilo jua likilala?" Swali lake lilikuwa zito kuliko hesabu zangu zote. Tukayafunika mabomba ili yasipoteze joto, na chini ya ngazi tukamwekea tangi lake dogo la umeme, la lita 15.

"Hajati, hapa hutasubiri," fundi akamwambia.

Tangi la juu nalo lina koili yake ya umeme. Wiki za mvua za Aprili na Novemba tunaiwasha jioni. Miezi mingine swichi ile haiguswi.