Mizani Inayotazama Watu

Basi lilivuka Kyaka, pale daraja lilipolipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, likaanza kupanda. Hewa ikapoa. Migomba ikasongamana, na katikati yake kahawa. Nilikuwa sijawahi kufika Karagwe. Nilichokijua ni jina la KDCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanza 1990, Kyerwa ikiwa bado ndani ya Karagwe; wilaya ya Kyerwa ilizaliwa 2012. Nilidhani nikiiona ofisi yake mjini Kayanga nitauelewa ushirika. Niliiona. Ni ofisi kama ofisi nyingine.

Ushirika wenyewe niliukuta ng'ambo ya Omurushaka, njia ya Nkwenda, kwenye ghala la chama kimoja cha msingi. Karani ni mama wa makamo, kalamu kaichomeka kwenye kilemba. Anachota kahawa ya maganda, anaitikisa sikioni, iliyokauka inalia. Punje moja anaing'ata.

"Baba, hii bado ina maji. Ianike hapo uani, turubai lipo. Foleni yako naitunza."

Mzee alinung'unika, lakini alianika. Bibi aliyefuata alikuja na mjukuu. Karani alisubiri mizani irudi sifuri, gunia likapandishwa, kisha akamwambia mtoto, "Msomee bibi." Mtoto akasoma kwa sauti hadi waliokuwa nje wakasikia. Ndipo stakabadhi ikaandikwa.

Mahali pengine, ambapo sitapataja, nilimkuta karani ameigeuzia mizani ukutani. Anasoma peke yake, anatoa makato ya unyevu kwa kukadiria kwa macho, na anayeuliza anafokewa. Wakulima wa pale hawamsemi yeye. Wanasema, "Chama ni wezi." Bodi, mikutano mikuu, kahawa inayouzwa hadi Ulaya, vyote vimefutwa na mgongo wa mtu mmoja.

Kwa Kyerwa hilo si jambo dogo. Uganda iko ng'ambo tu, na kwa miaka mingi kahawa imekuwa ikivushwa kwa magendo. Sababu inayotajwa ni bei, na ni kweli bei ina nguvu. Lakini kuna butura pia: mkulima anabanwa na ada ya shule, anauza kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa. Mnunuzi wa butura humfuata mtu nyumbani, humwamkia, humsikiliza shida zake. Karani anayefoka anamfanyia mnunuzi huyo kazi bila mshahara.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza yule mama wa njia ya Nkwenda kama kuelekeza mizani kwa watu ni agizo kutoka Kayanga. Alicheka. Alipoanza kazi, alisema, aliikuta imewekwa hivyo na karani aliyemtangulia, naye hakuona sababu ya kuigeuza.