Masikio Hayana Pazia

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Masikio hawakuyataja, labda kwa sababu katika siku zao sauti haikwenda mbali kuliko upepo ulioichukua. Mimi naishi katika zama ambazo sauti ya mtu aliye maili nyingi huingia chumbani mwangu bila kubisha hodi, na nataka kueleza jinsi nilivyojifunza kwamba sikio nalo lahitaji sitara.

Nilihamia Minneapolis, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, nikitokea Tanga. Baridi ya mwaka wa kwanza ilinifungia ndani kama mahabusu. Usiku ulikuwa mrefu, theluji ilimeza kila kishindo, na majirani walipita ngazini kimya. Kwa kutamani sauti ya binadamu nilinunua skana iliyokwisha kutumika, yaani redio ndogo ya mkononi inayopekua mawimbi na kusimama penye maneno. Jina la mtengenezaji wake nalihifadhi, maana ila yake si yake peke yake.

Idara nyingi za umma katika jimbo lile hutumia mtandao mmoja wa redio uitwao ARMER, nao huendeshwa kwa utaratibu wa tranki. Msomaji aliyeona bandari ataufahamu upesi. Chombo hakimiliki gati. Kikifika huuliza, na mkuu wa bandari hukielekeza penye nafasi. Vivyo hivyo kundi la wazima moto, au la magari ya kusukuma theluji, halina wimbi lake la daima. Kila msemaji abonyezapo redio yake, kompyuta humpa kwa kitambo wimbi lililo tupu, na amri hiyo hutangazwa katika chaneli ya uongozi. Skana ya kawaida hupotea hapo, kwa kuwa swali husikika katika wimbi hili na jibu katika wimbi lile. Skana ya tranki huisikiliza chaneli ya uongozi, ikalifuata kundi popote liendapo.

Skana yangu ilifuata vema, lakini ilisema vibaya. Maneno yalikatika kama ya mtu anenaye huku akimezwa na maji. Kwanza niliwalaumu wasemaji, kisha nikakilaumu Kiingereza changu. Baadaye nilielewa kwamba mjini minara mingi hurusha ujumbe ule ule, kwa wimbi lile lile, kwa wakati mmoja. Aliyepata kusimama kati ya misikiti miwili saa ya adhana anajua nisemalo. Maneno ni yale yale, lakini sauti moja hutangulia kwa pumzi, na sikio la katikati huambulia mvurugo. Redio za polisi na wazima moto zimeundwa ziuvumilie mvurugo huo. Skana nyingi za zamani hazikuundwa hivyo. Dawa niliyoipata ilikuwa ya kuchekesha. Nilichomoa antena, nikaiweka skana sakafuni kando ya ukuta, ili mnara mmoja tu uifikie kwa nguvu. Kwa kupokea kidogo, ilisikia zaidi.

Ndipo rafiki mmoja kazini akaniazima SDS100, ambayo kampuni ya Uniden iliitoa mwaka 2018, ikiwa na kipokezi cha namna nyingine kilichokusudiwa kuushinda ugonjwa huo wa minara. Usiku wa theluji nyingi niliziweka zote mbili mezani na kuzielekeza kwa kundi moja la madereva wa barabara. Ya zamani ilitoa vipande: daraja, chumvi, upepo. Ya pili ilitoa habari nzima: dereva amekwisha kumwaga chumvi darajani, upepo unairudisha theluji nyuma yake, naye atazunguka tena. Ya zamani ilikuwa na sifa moja, kwamba betri zake zilipatikana katika kila duka. Ya pili ilitaka kuchajiwa. Lakini nani ahesabuye betri siku azibuliwayo masikio? Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Usiku wa tatu sauti ile safi ilitaja mtaa wangu, kisha namba ya nyumba yetu. Mtu mzima aishiye peke yake ameanguka bafuni. Na likafuata neno juu ya maradhi yake ambalo hata leo sitaliandika. Nikasikia king'ora mara mbili, redioni na dirishani. Nilisimama nyuma ya mlango wangu, wala sikushuka.

Wiki moja baadaye nilikutana na mzee huyo ngazini. Nimelelewa kwamba ajuaye msiba wa mwenziwe akanyamaza amemvunjia heshima. Pole ilinitoka kabla ya fikira. Kiingereza hakina neno hilo, nikasema kwamba nimesikitika kwa kuanguka kwake. Alishika ukingo wa ngazi.

"Nani amekuambia?"

Kumbe aliwaambia watu wote kwamba alikwenda kumtembelea dada yake. Nilijibu kwamba nilisikia. Akauliza nilisikia wapi. Nikainamisha kichwa, naye akaingia kwake. Tangu siku hiyo hakuitika salamu yangu.

Nilistahimili kwa majuma mawili, kisha nikagonga mlango wake nikiwa na chombo mkononi, nikamweleza yote. Alikigeuza geuza, akauliza, "Na wengine wangapi wanavyo?" Sikuwa na jibu. Alinirudishia, akanishukuru kwa kusema kweli, akafunga mlango polepole. Sasa tunaamkiana. Zaidi ya hapo hatujafika.

Sheria ya Minnesota humkataza mtu kuwa na redio ya kusikia polisi ndani ya gari bila kibali, isipokuwa walioruhusiwa, kama wenye leseni ya redio ya ridhaa. Sheria ilinena juu ya gari. Juu ya ngazi zetu haikunena. Miji mingine imechukua njia ya kufunga kabisa. Polisi wa Chicago walianza kuyaficha mawasiliano yao kwa msimbo mwaka 2022, na wa New York mwaka 2023. Waandishi wa habari walilalamika, na mimi naona wana haki, maana mwenye bunduki na mamlaka hafai kutenda kazi pasipo kusikiwa na wale anaowatumikia. Lakini mzee aliyelala sakafuni bafuni hana mamlaka juu ya mtu yeyote. Kumfunika yeye na kumfunika askari ni mambo mawili, na anayeyachanganya, awe mtawala au msikilizaji, amekosa.

SDS100 nimeirudisha kwa mwenyewe. Katika skana yangu ya zamani kuna kitufe kinachoiamuru iliruke kundi usilolitaka. Nimekibonyeza kwa kila kundi la magari ya wagonjwa. Madereva wa theluji nimewaacha. Usiku ukiwa mrefu husikia nusu ya maneno ya mtu anayemwaga chumvi darajani, na nusu hiyo hunitosha mpaka nipate usingizi.