Hondohondo wa Amani na simu ya Ijumaa

Kutoka Muheza mjini hadi Amani ni kilomita zisizofika 40, lakini usimwamini mtu atakayekwambia utafika kwa saa moja. Barabara kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi. Inaanza tambarare kwenye michungwa, inapita Kisiwani, inafika Sigi, kisha inapanda kwa kona ambazo abiria wageni hunyamaza na sisi wenyeji husinzia. Ukifika juu, kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, hewa imeshabadilika. Mnaotoka Dar es Salaam mwezi wa saba mtatafuta sweta, na mtashangaa kwamba bado mko Mkoa wa Tanga.

Nimezaliwa katika milima hii ya Usambara Mashariki. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa mizani kwenye shamba la chai, kazi ya kupima majani ya wachumaji na kuandika kilo zao, hadi nilipostaafu. Sasa nina nyumba ya vyumba vitatu, migomba, iliki kidogo chini ya miti, kuku tisa na wajukuu wawili. Mkubwa yuko darasa la nne. Namwita mume wangu, kama mabibi wengine wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, naye huona aibu akiwa na wenzake. Mdogo ni wa kike, ana miaka sita, huyo ni mke mwenzangu. Mama yao, binti yangu wa pili, yuko Muscat mwaka wa pili sasa. Anafanya kazi za ndani.

Wazazi walio mjini huniuliza: mama, siku nzima mnafanya nini huko, hakuna hata televisheni? Nami huwajibu kwamba tunasikiliza ndege. Wanacheka, wakidhani ni utani wa mzee.

Hebu niwaeleze siku ilivyo. Kabla jua halijatoka, shore wanaanza kwenye mpera. Mbayuwayu wamejenga kwa udongo chini ya ukingo wa paa, juu ya mlango wa jikoni, na ukitoka na sufuria lazima uangalie kichwa chako. Jua likipanda, chozi wanakuja kwenye maua ya migomba, wadogo kuliko kidole gumba, mdomo mwembamba uliopinda, wanang'aa kama kitambaa cha harusi. Yuko hata chozi mmoja ambaye wataalamu wamempa jina la Amani yetu, ingawa anapatikana pia katika msitu wa Arabuko Sokoke, pwani ya Kenya. Mke mwenzangu aliniuliza kwa nini ndege mzuri hivyo aitwe jina la kitu kinachotoka machoni mtu akilia. Sikuwa na jibu. Alifikiri kidogo, akasema labda ni kwa sababu ni mdogo na anang'aa. Nimeishi miaka 67 na sikuwahi kufikiria hilo.

Lakini mwenye mji hapa ni hondohondo.

Asiyemjua nimweleze. Ni ndege mkubwa, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, na dume ana kitu kama kofia kubwa juu ya mdomo. Humuoni kwanza, unamsikia. Mabawa yake yanavuma kama treni ya zamani inayohangaika na mlima. Sauti yake ni nusu punda, nusu mtoto mchanga aliyenyimwa. Wakikusanyika jioni kwenye miti mirefu, mgeni anaweza kudhani kuna ugomvi wa mirathi. Wanakula matunda na kuangusha mbegu mbali na walikozitoa, ndiyo maana watu husema wanapanda msitu. Ni kweli, ila hawachagui. Wazungu walileta hapa mti uitwao Maesopsis, na hondohondo wakaupenda mno matunda yake, wakautawanya hadi ndani ya msitu wa asili, ambako leo unawasumbua wahifadhi. Hondohondo hajui kipi ni cha kwetu na kipi ni cha kuletwa. Yeye ameona tunda.

Wajerumani ndio walioanzisha kituo cha utafiti na bustani ya mimea hapa mwaka 1902, wakajenga na reli ndogo hadi Sigi. Nyumba ya stesheni pale Sigi bado ipo, ndiyo inayopokea wageni wa hifadhi. Baadaye, wakati wa Waingereza, mwaka 1928 alikuja bwana mmoja, Reginald Moreau, na mke wake Winifred. Hao walikaa chini ya mti wa hondohondo na kuhesabu. Na walichohesabu ndicho nataka wazazi wakisikie.

Jike la hondohondo likitaka kutaga, linaingia kwenye tundu la mti mrefu na kujifungia. Dume humletea udongo, na jike hulikandika tundu kutoka ndani mpaka unabaki ufa mwembamba tu, wa kupitisha mdomo. Humo atakaa karibu miezi minne. Atataga, ataatamia, atalea. Chakula chote kinaletwa na dume, ambaye hubeba matunda kooni na kuyatapika moja moja kwenye ule ufa. Bwana na Bi Moreau walikadiria kwamba katika msimu mmoja dume huleta matunda kama 24,000, kwa safari zipatazo 1,600. Kwa kawaida anayetoka humo mwishoni ni kinda mmoja tu.

Mimi nilizoea kupima majani ya chai, kwa hiyo hesabu hiyo naielewa mwilini. Matunda 24,000, na miezi yote hiyo huyo dume hajamwona mwanawe zaidi ya ncha ya mdomo kwenye ufa.

Sasa nirudi kwa binti yangu. Alipoondoka, mdogo alikuwa hajafika miaka mitano. Miezi ya mwanzo alikuwa anakimbilia simu. Halafu akapunguza. Ilipofika mwaka jana mwishoni, nikimwita anajificha nyuma ya mlango. Ijumaa moja akasema kwa sauti, na simu iko hewani: "Bibi, mimi huyo wa kwenye simu simtaki."

Mama yake alisikia. Hakusema kitu. Aliuliza kama kuku wanataga, nikamwambia wanataga, akaaga.

Hapa kijijini wapo wanaosema mwanamke anayeacha watoto kwenda Uarabuni amewatupa. Sikubaliani nao, na nimewaambia mbele yao. Mabati yaliyoko juu ya vichwa vya watoto hawa yalitoka kwenye mikono yake. Daftari, sare, dawa, sukari, vyote vimepita kwenye ule ufa. Lakini pia sitawadanganya wazazi wenzangu kwamba pesa ya simu inatosha kumfanya mtoto amjue mama. Mtoto wa miaka sita haoni mabati. Anaona uso mdogo wa kwenye kioo, unaokatikakatika mtandao ukizidiwa, unaouliza kila wiki maswali yaleyale: umekula, umesoma, unamsikiliza bibi? Ungekuwa wewe ungejibu nini zaidi ya ndiyo?

Kilichobadilisha mambo hakikupangwa. Kwetu mtandao unashika vizuri kwenye jiwe moja juu ya nyumba, kwa hiyo simu ya Ijumaa tunaipigia pale, saa kumi jioni kwetu, saa kumi na moja kwao. Siku hiyo hondohondo watano wakapita juu yetu, chini kabisa, na zile kelele zao zote. Binti yangu akakatisha maneno yake.

"Mama, hao ni hondohondo?"

"Ndio hao."

Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema kwamba huko aliko anasikia kunguru tu, na njiwa wanaolala juu ya viyoyozi. Halafu akauliza, si mimi, akamuuliza mtoto: "Ule mti mrefu wa kule mtoni, wenye tundu, bado upo?"

Mke mwenzangu akaja. Akachukua simu. Akasema upo, na juzi hondohondo alikuwa anabeba tope. Swali hilo alikuwa na jibu lake, na mama yake alikuwa hana. Nadhani ndiyo tofauti. Kwa mara ya kwanza mama alikuwa anahitaji kitu kutoka kwake.

Tangu siku hiyo kuna kazi. Nilimpa daftari langu la zamani la mizani na kumfundisha kuhesabu kwa mistari, minne imesimama, wa tano unaikata. Jumamosi asubuhi tunateremka, sisi watatu, tunakaa mbali kidogo na mti ili dume asituogope, tunangoja. Mkubwa ndiye anayeshika saa. Jumamosi moja tulikaa tangu saa mbili hadi saa sita, dume akaja mara tano. Siku nyingine alikuja mara mbili tu, kukawa na mjadala mkubwa kama amechoka au amepata mke mwingine. Ijumaa inayofuata hesabu inasomwa Muscat, mstari kwa mstari. Mama yake naye, ameniambia mwenyewe, anaandika pembeni ya kalenda iliyoko jikoni kwa watu.

Saa nne za kungoja ndege ni nyingi kwa mtoto, sikatai. Desemba wajukuu wengine huja kutoka Dar, na siku tatu za kwanza ni kilio: hakuna chaji, hakuna katuni, bibi, tumechoka kukaa. Wazazi wao hunipigia wakitaka kutuma kifaa hiki au kile. Huwa nakataa. Siku ya nne mmoja atauliza yule ni ndege gani, wa pili atabishana naye, na mambo yamekwisha. Mzazi anayemwokoa mtoto siku ya pili hatafika siku ya nne.

Usiku nao una mambo yake. Msitu huu una bundi mkubwa wa Usambara, aliyeandikwa na wataalamu mwaka 1908 na kuitwa Bubo vosseleri kwa jina la Mjerumani aliyefanya kazi hapa. Akilia, majirani hutoka na kopo kumfukuza, maana bundi ni msiba. Mdogo aliamka usiku mmoja analia kwamba bundi amemwita mama yake. Nilimkalisha kitandani kwangu, nikamwambia kwamba bundi nimemsikia tangu nikiwa mdogo kuliko yeye, na watu niliowazika hapa walikufa kwa malaria, kwa uzazi na kwa uzee. Hakuna niliyemzika kwa bundi. Akauliza kama Muscat kuna malaria. Nikamwambia si kama kwetu. Akalala.

Ukitaka kuja na watoto, njoo Juni hadi Septemba kama unaogopa matope, au vuli kama unataka kuona hondohondo wakilisha. Masika hapana, magari hukwama. Pitieni Sigi mlipe kiingilio cha hifadhi na kuchukua mwongozaji, vijana wa hapa wanajua miti na ndege kuliko vitabu. Bebeni nguo za mvua hata jua likiwaka. Kwenye bustani msikimbizane kuona kila mti wenye kibao. Chagueni mmoja, kaeni.

Mkataba wa binti yangu unaisha Januari. Mwajiri anataka aongeze miaka miwili na ameahidi kumwongezea mshahara. Aliniuliza nisemeje. Sikumwambia rudi, wala sikumwambia baki. Nilimsomea hesabu kama nilivyokuwa nikiwasomea wachumaji: deni la mabati limekwisha, chumba cha tatu hakina sakafu, mkubwa atahitaji ada ya masomo ya ziada, mimi magoti yanauma nikiteremka mtoni. Na mdogo amejaza kurasa kumi na moja.

Ijumaa iliyopita alijibu. Atakuja kwa miezi mitatu, ataona. Mume wangu alikaa kimya, yeye ni mtu wa kungoja mambo yatokee. Mke mwenzangu aliuliza jambo moja tu: kama mama atafika kabla jike halijatoka. Nilipiga hesabu kwenye daftari tangu siku tuliyoona tope. Kama tuko sawa, kunabaki kama wiki tatu. Nimemwambia binti yangu asilale Tanga, apitilize, na aje na viatu vya kufunga maana ile njia ya mtoni ina utelezi.