Diski ya Babu Yako

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata: umeitoa diski kwenye kompyuta ya marehemu babu yako, umeiunganisha na kompyuta yako, folda yake unaiona lakini ukiibofya unaambiwa huna ruhusa. Umeniambia pia kuna video inayofundisha kulipa kundi la Everyone, yaani watumiaji wote, ruhusa zote kwenye diski nzima, na kwamba ikishindikana utaifomati. Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo mawili. Mle ndani mna picha za harusi ya mama yako na hati za shamba alizoziskani babu, na hatujazihifadhi kwingine kokote.

Kwanza ujue kinachokuzuia. Diski za Windows kwa kawaida hupangwa kwa mfumo uitwao NTFS, nao huambatanisha kila faili na mmiliki wake, pamoja na orodha ya wanaoruhusiwa kusoma, kuandika au kufuta. Unashangaa kwa sababu akaunti ya babu ilikuwa na jina lile lile la akaunti yako. Jina halitazamwi. Kinachotazamwa ni namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, ambayo kompyuta huitoa inapofungua akaunti mpya. Watu wawili wanaweza kuitwa jina moja, lakini namba zao za NIDA hazifanani. Hapa ni vivyo hivyo. Bofya folda ile kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha Security. Kama inakubali kukuonyesha orodha, utaikuta namba hiyo pale ulipotegemea jina, pamoja na maneno Account Unknown. Kwa hiyo ujumbe ule peke yake hauna maana kwamba diski imekufa au imeingiliwa na kirusi.

Kuna namba nyingine, ya kundi la Administrators, ambayo ni ile ile kwenye kila kompyuta ya Windows, na kwa kawaida imo kwenye orodha ya folda ya kila mtumiaji. Hapo ndipo mlango ulipo. Ingia kwa akaunti yako yenye mamlaka ya usimamizi, bofya folda ya babu, na ukiulizwa, bonyeza Continue. Windows itaiongeza akaunti yako kwenye orodha, faili baada ya faili. Folda ikiwa kubwa kazi hiyo huchukua muda, kwa hiyo usiikatishe. Lakini diski ikianza kugonga au kukwaruza, izime mara moja, maana hilo ni tatizo la chuma na ruhusa hazitalitibu.

Ikikataa, ndipo ubadilishe mmiliki. Rudi kwenye Security, ingia Advanced, bofya Change kando ya jina la mmiliki, andika akaunti yako, na uweke alama kwenye kisanduku kinachosema mabadiliko yaende hadi folda za ndani. Funga dirisha hilo, lifungue tena, kisha jipe ruhusa ya kusoma. Kumiliki peke yake hakukupi kusoma. Kunakupa haki ya kuibadilisha orodha, na wengi hukwama hapo wakidhani wameshamaliza. Fanya haya kwenye folda ya babu tu. Usiguse kabisa kisanduku cha Deny, kwa sababu katazo lililowekwa moja kwa moja kwenye faili hushinda ruhusa, na unaweza kujifungia nje mwenyewe.

Ukishaweza kusoma, nakili kila kitu kwenye kompyuta yako, usihamishe. Nakala mpya hurithi ruhusa za folda inayoipokea, kwa hiyo itakuwa yako bila taabu, na faili za babu zitabaki zilivyo.

Ushauri wa ile video unanikera kweli. Ukimpa Everyone ruhusa zote, akaunti yoyote, na programu yoyote mbaya iliyoingia kupitia akaunti hiyo, inaweza kufuta au kuharibu hati hizo. Na mtu akifanya hivyo kwenye diski C, anavuruga hata mafaili ya mfumo, ambayo tangu Windows Vista mengi yanamilikiwa na huduma ya Windows iitwayo TrustedInstaller ili yasiguswe ovyo. Hakuna kitufe kimoja cha kurudisha yote yalivyokuwa.

Njiani huenda ukakutana na folda ya Documents and Settings inayokukatalia hata ukiwa msimamizi. Iache, ni kielekezi tu kilichowekwa kwa ajili ya programu za zamani, hakina kitu ndani.

Ninachokihofia zaidi ni kufuli. Ukiona alama ndogo ya kufuli juu ya faili, huenda babu aliifunga kwa usimbaji wa Windows, na hapo hata ukiwa mmiliki hutaisoma bila cheti kilichobaki kwenye akaunti yake. Kwa sababu hiyo kompyuta yake usiiuze, na mtu yeyote asiweke Windows upya kwenye diski hiyo. Tukiirudisha mahali pake na kuingia kwa nenosiri lake, ambalo bibi analo kwenye daftari, faili zitafunguka. Kama diski nzima ingekuwa imefungwa kwa BitLocker ungeombwa ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kuona folda yoyote, na wewe umeziona, kwa hiyo hilo tusilihangaikie.

Anza na picha za harusi, mama yako ameziulizia tena juzi. Ukifika kwenye hatua ya kubadilisha mmiliki, nitumie picha ya skrini kabla hujabonyeza OK. Jioni napatikana.

Akupendaye,
Mjomba wako