Ugonjwa Katika Mfupa wa Tendaguru

Hapa Mususa twajua kwamba eksirei humwonyesha daktari mfupa pasipo kupasua nyama. Niwaambiapo wanafunzi kwamba hata mfupa uliogeuka jiwe hupigwa picha hiyo, hucheka.

Lakini ndivyo. Tangu 1909 hadi 1913 mifupa ya dinosaria ilichimbwa kilimani Tendaguru, nchini Tanzania, kwa ajili ya Wajerumani. Wachimbaji walikuwa Waafrika, na msimamizi wao Boheti bin Amrani. Wapagazi waliichukua kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikaenda Berlin. (Majina ya wapagazi hao, nani ayakumbukaye?)

Mwaka 2011 Florian Witzmann na wenzake walitangaza habari za mfupa mmoja wa mgongo wa Dysalotosaurus, mla majani aliyeishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Waliupiga eksirei kutoka pande nyingi, kompyuta ikaziunganisha picha, na undani ukaonekana bila kuukata. Humo wakakuta alama za ugonjwa wa Paget, ambao leo huwapata hasa wazee: mfupa hubomolewa na kujengwa upya ovyo, kwa haraka mno. Walidhani huenda virusi vilihusika; mimi nasitasita, maana hata kwa wanadamu chanzo hakijathibitishwa.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama mnyama yule aliumwa. Baadhi ya wagonjwa wa Paget huumwa sana, wengine hawajui hata kwamba wanao. Picha haisemi.