Usukani Mzito Siku ya Baridi



Huku Winnipeg, katika nchi ya Kanada, ninakokaa, baridi ya Januari si ile ya Njombe wala ya Lushoto. Usiku mwingine hushuka hata nyuzi 30 chini ya sifuri, na maji yaliyoachwa nje katika ndoo asubuhi ni jiwe. Kwa baridi hiyo hata motokaa huugua, na ugonjwa wake mmoja ni usukani kuwa mzito.

Sababu yake ni hii. Katika magari mengi ya miaka iliyopita usukani husaidiwa na mafuta. Pampu huzungushwa na mkanda wa injini, nayo huyasukuma mafuta hayo kwa nguvu, ndipo dereva aweza kugeuza magurudumu bila taabu. Lakini mafuta yakipigwa na baridi huwa mazito kama samli iliyolala nje. Basi pampu hulia, mkanda huteleza, na usukani hukaza.

Watu wa huku huunganisha injini na umeme usiku ili ipate joto. Kwa hiyo asubuhi huwaka upesi, na mtu hudhani gari zima li tayari. Kumbe joto lile halikufika kwenye mafuta ya usukani!

Dawa ya kwanza ni subira. Acha injini izunguke dakika chache, kisha geuza usukani polepole kulia na kushoto, wala usiubane mwisho kabisa, maana hapo pampu huumia. Fanya hayo uwanjani, si ndani ya banda lililofungwa: moshi wa injini una sumu isiyoonekana wala kunusika, nayo huua. Tena ondoa theluji iliyogandamana karibu na magurudumu, kwani nayo huyazuia.

Gari likipata joto na usukani ukalegea, hiyo ilikuwa baridi tu. Lakini ukibaki mzito, pana kasoro. Tazama mafuta katika chombo chake, kama yamefika kwenye alama. Mafuta haya hayachomwi kama petroli; yakipungua, yamevuja. Baridi hukaza mipira ya mabomba, nayo hupasuka. Ukiongeza, tia aina ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari, si yoyote uliyo nayo. Magari mapya mengi hayana mafuta hayo, bali usukani husaidiwa na mota ya umeme. Hapo anza kukagua betri, kwa sababu baridi huidhoofisha sana.

Jumapili moja nilikwenda kumchukua mama mmoja mjane, mzee wa Kongo, ili twende Misa. Nilipofika kwake usukani ulikuwa umeanza kukaza, ingawa injini ilikuwa moto. Nikashuka, nikaona doa jekundu juu ya theluji chini ya gari. Nikamwambia, "Mama, leo hatuendi."

Akasikitika sana. "Mwanangu, twende tu, Mungu atatulinda."

Nikamjibu, "Mama, ametulinda tayari kwa kutuonyesha doa hili."

Akanyamaza kidogo, kisha akatoa rozari yake, tukasali nyumbani. Kanisa halimhesabii dhambi mtu aliyezuiwa na sababu kubwa. Kesho yake fundi alikuta bomba limepasuka, akaweka jipya.

Ninyi mlioko vijijini hamna theluji, lakini gari la parokia na basi la kwenda mjini huvuja vilevile. Dereva anayeongeza mafuta ya usukani kila asubuhi bila kutafuta yanakovujia, anabeba roho za watu juu ya bomba bovu. Nanyi abiria, akisema "Tungojee fundi", msimkaripie wala msimwite mvivu. Mshukuruni, mketi kivulini, mngoje.