Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kwetu Nambis, katika milima ya Mbulu, asubuhi za mwezi wa Juni zina baridi ya kuuma vidole. Asubuhi moja mwaka 1997, nikiwa Kidato cha Pili, mwalimu wetu wa hisabati alitutoa darasani kwenda kuota jua kando ya mkaratusi mrefu. Alikuwa kijana wa Kimarekani, aliyeletwa na Peace Corps kujitolea kwa miaka miwili. Shule haikuwa na mwalimu mwingine wa somo hilo.

Alisimamisha fimbo ya mita moja. Kivuli chake kilikuwa mita moja na nusu. Kivuli cha mti tulikipima kwa kamba, tukapata mita 24.

"Basi, mti una urefu gani?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha kusitasita.

Kimya. Nyumbani tulisema Kiiraqw, shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, na Kiingereza cha sekondari kilikuwa kimetufunga midomo. Hakutupa jibu, alingoja tu. Mwishowe nikasema, "Mita 16."

"Kwa nini?"

Nilikuwa sijapata kuulizwa neno hilo darasani.

Mwaka 1998 muda wake ulikwisha, akaondoka. Tulimaliza Kidato cha Nne bila mwalimu wa hisabati, na wengi wetu walifeli. Nilimlaumu kwa miaka mingi. Niliona ametuonjesha asali, kisha akaondoka na mzinga.

Machi 2020, kwa sababu ya korona, Peace Corps iliwaondoa watu wake wote duniani. Nilipoisikia habari hiyo nilikuwa mwalimu wa hisabati huku huku kwetu, na mezani palikuwa na barua yangu ya kuomba uhamisho kwenda Arusha mjini. Sababu niliyoandika ilikuwa "mazingira magumu". Nikajiuliza swali lake: kwa nini? Yule alivuka bahari akaishi nasi miaka miwili. Mimi mzaliwa nataka kukimbia, na bado namlaumu yeye kwa kutokukaa!

Sisemi kila mwalimu anayehama ana kosa. Nyumba, mshahara na familia ni mambo ya kweli. Lakini, ndugu msomaji, wahenga waliposema "mgeni njoo, mwenyeji apone", hawakusema mwenyeji akishapona alale.

Barua ile sikuipeleka. Mkaratusi ulishakatwa, kwa hiyo wanafunzi wangu hupima mlingoti wa bendera.